Taa Inayopanda kwa Kamba: Ufundi wa Kuwamulikia Wazee mjini Varanasi

Mwezi wa Kartik ukiingia, ukingo wa mto Ganga mjini Varanasi huota mianzi. Inasimikwa kwenye ghati, yaani ngazi za mawe zinazoshuka hadi majini, mirefu kuipita miavuli ya makuhani, na kwenye ncha ya kila mmoja huning'inia kikapu kilichosukwa kwa fito nyembamba. Jua likizama vikapu hushushwa, taa za udongo huwashwa ndani yake, kisha huvutwa juu tena. Hizo ndizo akashdeep, taa za angani, na huwashwa kwa ajili ya wazee wa ukoo waliokwisha kufa.

Wengi wanaoielezea desturi hii huishia kwenye uzuri wake. Uzuri upo, lakini kinachonishika mimi ni ufundi, kwa sababu taa hii imepewa kazi ngumu. Inatakiwa imwangazie mtu asiyekuwepo tena duniani, ambaye njia yake inaaminika kupita juu. Inatakiwa iwake nje, penye upepo wa mto. Na inatakiwa iwashwe upya kila jioni kwa mwezi mzima na watu wa kawaida, kwa vitu vinavyopatikana sokoni.

Kalenda ndiyo iliyobeba nusu ya kazi. Kabla ya Kartik hutangulia Pitru Paksha, majuma mawili ya kuwakumbuka wafu, ambapo wazee huaminika kushuka duniani kupokea maji yaliyochanganywa na ufuta pamoja na matonge ya wali. Kipindi hicho huisha usiku usio na mwezi kabisa. Usiku mwingine kama huo unapofika ni Diwali, na kwa imani ya wengi huo ndio wakati wa wazee kurudi kwao. Mwaka 2023, kwa mfano, Pitru Paksha iliisha tarehe 14 Oktoba na Diwali ikaangukia tarehe 12 Novemba. Wageni wamekaa mwezi mmoja wa mwandamo, sasa wanahitaji mwanga wa kuondokea.

Kaskazini mwa India mwezi huhesabiwa kutoka mbalamwezi kamili moja hadi nyingine. Kwa hiyo Kartik huanza anga likiwa bado jeupe, hufifia usiku baada ya usiku, hufika gizani katikati, siku ya Diwali, halafu mwanga wa mwezi hurudi taratibu. Taa iliyopandishwa siku ya kwanza haionekani sana. Ile ile, bila kuongezwa utambi wala mafuta, siku ya kumi na tano inatawala anga lote. Aliyepanga ratiba hii alijua anachokifanya.

Majira nayo yanasaidia. Wakati wa mvua za monsuni mto hupanda na kuzifunika ngazi, na hakuna pa kusimika kitu. Kufikia Oktoba maji yamepungua, yameacha tope zito ambalo huoshwa kwa mipira ya maji, na hewa imetakata. Umbo la mji pia ni la bahati: Ganga hapa hupinda na kuelekea kaskazini, karibu mji wote umejengwa ukingo wa magharibi, na ng'ambo ya pili ni mchanga na mashamba yanayofurika. Upande huo ni giza tupu, na taa haina mshindani.

Sasa taa yenyewe. Ni kibakuli cha udongo uliochomwa bila kung'arishwa, na udongo wa namna hiyo hunywa mafuta. Ukikitia mafuta kikiwa kikavu, sehemu yake hupotelea kwenye kuta kabla moto haujaila. Ndiyo maana vibakuli vipya hulowekwa majini kwa saa kadhaa, kisha huanikwa mpaka uso ukauke: vitundu vya udongo vimeshajaa maji, mafuta hayana pa kupenya. Utambi ni pamba iliyosokotwa kwa viganja. Ukikazwa mno mafuta hayapandi, ukilegezwa mno hupanda kwa wingi na moto hutoa moshi. Kiasi kinachochungulia nje ya ukingo ndicho kinachoamua kimo cha mwali, na hapo mkono uliozoea hujulikana.

Mafuta yanayopendelewa ni ya ufuta au samli. Ufuta si chaguo la bei tu. Ni mbegu ya wafu katika ibada ya Kihindu, ile ile inayotiwa kwenye maji ya Pitru Paksha, hivyo kinachoungua juu ya mwanzi ni sadaka iliyokwisha kuzoeleka.

Kikapu ndicho sehemu ninayoiheshimu zaidi. Kikisukwa kwa kubana, kinaficha mwanga na kuunyima moto hewa. Kikiachwa wazi mno, upepo wa kwanza unaizima taa. Msusi huacha matundu madogo pande zote: upepo ukipita humo hukatwakatwa na kupoteza nguvu, hewa safi huingia kwa chini, joto hutoka kwa juu, na mwanga hupenya ukiwa vipande vipande. Ukitazama kutoka kwenye mtumbwi huuoni mwali wenyewe. Unaona kikapu kizima kikiwaka kwa rangi ya kaharabu, kikubwa kuliko moto uliomo ndani yake.

Mwanga huo unaonekana umbali gani? Mwaka 2015 Kevin Krisciunas na Don Carona wa Chuo Kikuu cha Texas A&M walipima mwanga wa mshumaa mmoja wakakadiria kwamba jicho la kawaida linaweza kuuona gizani hadi kilomita 2.6 hivi. Taa ya utambi haiko mbali na mshumaa kwa nguvu, ingawa kikapu kinapunguza kiasi. Kwa mto, hiyo inatosha na kubaki. Mwandishi Jaishankar Prasad, mzaliwa wa Varanasi, aliutumia uwezo huo katika hadithi yake fupi iitwayo Akashdeep: mama anatundika taa kando ya Ganga akimwombea mume aliyeko baharini. Aliyesafiri na aliyekufa wanahitaji kitu kimoja, alama ya kuonyesha pwani iko wapi.

Kinachobaki ni kamba. Hupita kwenye ncha ya mwanzi na kushuka hadi mkononi, kwa mantiki ile ile ya tanga la jahazi na kapi yake. Mtu angeweza kujenga mnara akamaliza kazi. Tena minara ipo: katika ghati ya Panchganga kuna nguzo ya mawe yenye vishikizo vya taa mwili mzima, ambayo mapokeo ya mji humtaja Ahilyabai Holkar, malkia wa Malwa aliyefariki mwaka 1795, kuwa ndiye aliyeijenga. Nguzo hiyo ni fahari ya usiku mmoja wa sikukuu. Mwanzi na kamba ni kazi ya kila siku, kwa sababu kikapu lazima kishuke, majivu ya utambi yatolewe, mafuta yaongezwe, jina la mzee litajwe, ndipo kipande tena. Mimi naamini heshima imo humo, katika kushusha na kupandisha. Taa ya umeme inayojiwasha yenyewe ingeonekana mbali zaidi, na ingemwondolea mjukuu sababu ya kufika.

Kwingineko India kazi hii hii imetatuliwa kwa njia nyingine. Bengal huwasha taa 14 usiku wa kuamkia Kali Puja, sikukuu ya mungu wa kike Kali, kwa vizazi 14 vya ukoo, na huzitawanya kwenye pembe za nyumba zenye giza. Odisha nayo ina njia yake. Huwasha mafungu ya vijiti vya mmea wa juti, huyainua mkononi kuelekea angani na kuwaita wazee kwa sauti, na mjini Puri wengi hufanya hivyo kwenye ngazi 22 za hekalu la Jagannath. Mwenge wa juti huungua kwa dakika chache tu, basi sauti ndiyo inayobeba kilichosalia.

Katika ghati ya Dashashwamedh taa za angani zimepata wenyewe wapya. Tangu vita vya Kargil vya mwaka 1999 huwashwa pia kwa askari na polisi waliouawa kazini, katika hafla ambazo vikosi vya usalama hushiriki. Mwanzi ni ule ule na kikapu ni kile kile. Ila anayewashiwa huenda ni kijana asiyeacha mtoto, ambaye kwa desturi ya ukoo huenda asingekuwa na wa kumpandishia taa. Sasa kamba yake inavutwa na watu ambao hawakumjua.