"Open" si kāi tu: orodha za maneno zinavyowaangusha Wachina

Orodha nyingi za maneno ya Kiingereza kwa Wachina zimejengwa hivi: kushoto neno, kulia tafsiri. Ukifika kwenye "open" unakuta kāi. Basi, unasonga mbele.

Kufungua mlango ni kāi mén, hapo hakuna ugomvi. Ngoma ipo giza likiingia. Kwa Kichina taa nayo unaifanyia kāi: kāi dēng. Gari unaliendesha kwa kāi hiyohiyo, kāi chē. Mkutano ukifanyika, kāi huì. Hata maji yaliyochemka ni kāi shuǐ! Sasa mwanafunzi aliyekariri orodha anasema "open the light", darasa zima linacheka. Akitaka kuzima anasema "close the light", maana guān inafunga mlango na kuzima taa pia. Mwalimu anamsahihisha: sema "turn on". Kwa nini? Orodha iko kimya.

Kuna wanaokimbilia kusema eti Wachina wana fikra tofauti kuhusu taa. Mimi hiyo siinunui. Wewe mwenyewe jisikilize: mlango unafungua, taa unawasha, ila redio wengi wetu tunafungua. Na jirani akijifungua, mlango uko wapi hapo? Hebu mweleze mgeni aliyekariri kwamba kufungua ni "open", halafu uone.

Kuna mtego mwingine ambao orodha haziugusi kabisa, na kwangu ndio mbaya zaidi. Duka likiwa wazi Kiingereza kinasema "open", likiwa limefungwa kinasema "closed". Kimoja kina -ed, kingine hakina. Mwanafunzi anaona "closed", anafanya hesabu yake, anaandika "the shop is opened" akimaanisha liko wazi. Mantiki yake ni safi jamani, Kiingereza ndicho kimepinda! Lakini kwenye mtihani anayekatwa maksi ni yeye.

Ningekuwa naandika upya ukurasa huo, "open" ningeipanga na wenzake: mlango, sanduku, macho, akaunti ya benki. Pembeni ningeweka vitu ambavyo kāi inavikubali na "open" inavikataa: taa, redio, gari. Na "turn off" isingesubiri sura ya kumi. Ingekaa hapohapo, kwa sababu taa itazimwa usiku huohuo.