Nafsi ya Kwanza na Kimya cha Bendi

1. Neno moja, kazi mbili

Katika sarufi ya Kiswahili, neno nafsi humtaja anayesema, anayeambiwa na anayesemwa: nafsi ya kwanza, ya pili na ya tatu. Nje ya sarufi, neno hilo hilo hutaja kiini cha mtu, pale anapojuta, anapotamani na anapoumia. Makala hii inachunguza mahali ambapo kazi hizo mbili hukutana, yaani wimbo wa dansi wa Kongo na wa Afrika ya Mashariki. Swali lake ni moja: mwanamuziki anapoimba "mimi", je, anasema habari za nafsi yake?

Swali hilo lina uzito kwa sababu, tangu mwanzo wa karne hii, wanamuziki wengi wa Ulaya na Marekani wametangaza waziwazi maradhi yao ya moyo na ya akili, katika vitabu, sinema na mahojiano. Ni rahisi kuwatazama kisha kuamua kwamba wenzao wa Kinshasa, Lubumbashi au Dar es Salaam ni watu wa kuficha. Uamuzi huo ni nusu ya kweli. Wimbo wa dansi haukunyamaza kamwe juu ya huzuni. Ulichonyamazia ni bendi yenyewe: mshahara, cheo, woga wa kufukuzwa na upweke wa safari. Kimya hicho hakitokani na haya ya Mwafrika. Kinatokana na jinsi bendi ilivyomilikiwa.

2. Msamiati wa maumivu

Mkazi wa Lubumbashi asemaye kwamba jirani yake "ana mawazo" hamsifu kwa wingi wa fikra. Anasema kwamba jirani huyo ana mzigo: deni, msiba, ugomvi wa nyumbani, usiku usio na usingizi. Neno ni la heshima, kwa kuwa kila mtu aweza kuwa na mawazo. Upande wa pili liko neno wazimu, linalofungamana na mzimu, nalo humtoa mtu nje ya watu. Baina ya mawili hayo lugha ya kila siku iliacha nafasi kubwa. Istilahi za karibuni, kama vile msongo wa mawazo na sonona, zimeenea ili kuijaza, lakini hutumika zaidi hospitalini na redioni kuliko jukwaani.

Mtunzi wa nyimbo hakungoja istilahi. Tazama majina ya nyimbo mbili za Remmy Ongala, mzaliwa wa Kindu aliyehamia Dar es Salaam mwaka 1978 kujiunga na Orchestra Makassy, kisha akaongoza Super Matimila: "Nasikitika" na "Nalilia Mwana". Katika majina yote mawili kiambishi cha nafsi ya kwanza, ni-, kimemezwa na -a- ya wakati uliopo na kuwa na-. Nafsi inasikika bila kuonekana. Sifa hiyo ya kisarufi yafaa kuwa kielelezo cha utanzu mzima.

3. Mimi ya kuazima

Katika "Nalilia Mwana" sauti ni ya mwanamume, lakini kilio ni cha mwanamke asiyejaliwa mtoto. Katika "Mario", wimbo wa mwaka 1985, Franco Luambo Makiadi anasimulia masaibu ya mwanamke mwenye mali anayemlisha kijana mvivu, naye anayasimulia kwa upande wa mwanamke huyo. Mimi ya wimbo ni vazi. Mwimbaji hulivaa, msikilizaji hulitambua kuwa ni lake, na hakuna anayemwuliza mwimbaji kama jana alilala usingizi.

Desturi hii ina faida ambayo mhakiki hapaswi kuidharau. Huzuni iliyoazimwa huweza kuchezwa na watu mia tatu kwa pamoja bila yeyote kuaibika. Ongala alifahamu jambo hilo vizuri. Aliyejiita "Sura Mbaya", aliyefiwa na wazazi angali kijana, aliimba "Kifo" katika albamu ya mwaka 1989 mbele ya wachezaji waliokuwa wametoka kuzika ndugu zao. Uyatima wake ulikuwa mle ndani, lakini hakuhitaji kuutaja ili ueleweke.

Hata hivyo, zipo nyakati ambapo vazi huchanika. Mwezi wa Agosti 1970, Bavon Marie-Marie, ndugu mdogo wa Franco na mpiga gitaa wa Négro Succès, alikufa katika ajali ya gari mjini Kinshasa. Uvumi ukasambaa kwamba kaka yake alimtoa kafara ili apate utajiri. Franco aliyeombolezewa na wengine akawa pia mshitakiwa wao. Miongoni mwa majibu yake ni wimbo "Kinsiona", maombolezo ya ndugu kwa ndugu. Hapo mimi si ya kuazima: aliyefiwa ndiye anayeimba, na mji mzima unamjua. Uwazi wa namna hii ulikuwapo miaka mingi kabla ya mtindo wa leo wa kukiri mbele ya kamera.

Lakini ni lazima kuuliza: nani aliyeweza kufanya hivyo? Franco alikuwa mwenye bendi. Papa Wemba, aliyekaa gerezani Ufaransa mwaka 2003 katika kesi ya watu walioingizwa Ulaya kwa viza za wanamuziki, alitoka akaimba habari za kifungo chake katika "Numéro d'écrou" mwaka huo huo. Naye alikuwa mwenye bendi, mwanzilishi wa Viva la Musica tangu 1977. Nafsi ya kwanza isiyo na vazi ilikuwa, kwa kiasi kikubwa, haki ya mkubwa.

4. Mwenye vyombo

Haikuwa hivyo tangu mwanzo. Mwenda Jean-Bosco, aliyezaliwa Bunkeya mwaka 1930 na kurekodiwa na Hugh Tracey mjini Jadotville, Likasi ya leo, mwaka 1952, alitunga, alipiga na kuimba mwenyewe. Mtu mmoja na gitaa moja: baina ya nafsi na wimbo hapakuwa na mtu wa tatu.

Bendi kubwa ilibadili uhusiano huo. Gitaa la umeme, vipaza sauti, ngoma na tarumbeta viligharimu fedha ambazo mpigaji wa kawaida hakuwa nazo. Mwenye vyombo akawa mwenye watu. Nchini Tanzania NUTA Jazz, iliyoanzishwa mwaka 1964, ilikuwa mali ya chama cha wafanyakazi, na wapigaji wake wakawa waajiriwa wenye mshahara wa mwezi. Mlimani Park, iliyoanzishwa mwaka 1978, ilikuja kumilikiwa na shirika la maendeleo la jiji la Dar es Salaam. Mwaka 1985 mfanyabiashara mmoja alipounda upya Safari Sound, aliwachukua Muhiddin Gurumo na wenzake kadhaa kutoka Mlimani Park. Kinshasa mwenye bendi alikuwa aghalabu mwimbaji mwenyewe, na cheo chake kiliitwa urais. Mwanaanthropolojia Bob White, aliyeshiriki maonyesho ya bendi ya mji huo, ameonyesha katika kitabu chake cha mwaka 2008 jinsi utawala wa marais hao ulivyofanana na utawala wa Mobutu.

Mfano ulio wazi kuliko yote ni Simaro Lutumba. Alijiunga na OK Jazz mwaka 1961 na akapewa jina la mshairi kwa sababu ya kina cha tungo zake. "Mabele", wimbo wake wa mwaka 1974 unaotafakari ardhi na mauti, uliimbwa na Sam Mangwana, katika bendi iliyojulikana duniani kwa jina la Franco. Nafsi moja iliwaza, ya pili ikatamka, ya tatu ikamiliki. Msikilizaji anayetaka kujua ni nani hasa mwenye uchungu ule atahitaji kupita milango mitatu. Franco alifariki tarehe 12 Oktoba 1989. Miaka minne baadaye wanamuziki hawakuafikiana na familia yake juu ya mgawanyo wa mapato. Simaro na wenzake wakaondoka wakaunda Bana OK. Baada ya miaka zaidi ya thelathini ya kazi, jina la bendi lilibaki upande wa urithi, na watunzi wakaanza upya.

Katika mazingira kama hayo malalamiko hayakuweza kuwa wimbo ila baada ya kuhama. Ndiyo maana historia ya dansi ni historia ya kutengana. Mwaka 1974 Papa Wemba na wenzake waliiacha Zaïko Langa Langa. Mwaka 1978 baadhi ya wapigaji wa Simba Wanyika mjini Nairobi walijitenga wakawa Les Wanyika. Mwaka 1982 Emeneya alimwacha Wemba. Mwaka 1997 Wenge Musica iligawanyika vipande. Wapenzi wa muziki huzoea kuyaeleza hayo kwa wivu, wanawake, fedha au uchawi. Haielekei kuwa wengi waliwahi kuuliza kama mtu alikuwa amechoka.

Kutengana, kwa hiyo, ni aina ya usemi. Asiyeweza kusema "ninaumia" husema "ninaondoka".

5. Uwazi wenye gharama

Ulinganisho na nchi za mbali utasaidia, mradi usiishie kwenye kustaajabia. Januari 2001 Jason Newsted aliiacha Metallica, bendi ya Marekani, baada ya kukatazwa kuendesha kundi lake la pembeni. Kiongozi James Hetfield akaingia katika tiba ya ulevi mwaka huo huo. Waliobaki walimwajiri mshauri, Phil Towle, kwa dola 40,000 kwa mwezi, akae nao studio na kuwafundisha kusemezana. Sinema "Some Kind of Monster" ya mwaka 2004 inaonyesha mazungumzo hayo: watu wazima, matajiri, wakitafuta maneno ya kumwambia mwenzao kwamba wanamwogopa.

Sinema hiyo ina ukweli mwingi, lakini somo lake si kwamba Wamarekani ni mashujaa wa kusema. Watatu wale walikuwa wenye bendi. Hakuna aliyeweza kumfukuza mwenzake kesho asubuhi na kumwachia njaa. Ni vema kukumbuka pia kwamba Newsted, aliyeingia mwaka 1986 baada ya kifo cha Cliff Burton, alikuwa amekwisha kutoka mlangoni ushauri ulipokuwa ukiendelea. Yule aliyehitaji kusikilizwa kuliko wote aliongea kwa njia wanayoijua wapigaji wa Kinshasa: aliondoka.

Mfano wa pili uko karibu zaidi. Tarehe 9 Januari 2022 Stromae, Mbelgiji ambaye baba yake Mnyarwanda aliuawa katika mauaji ya kimbari ya mwaka 1994, aliulizwa katika taarifa ya habari ya televisheni ya Ufaransa kama muziki ulimsaidia kujikomboa na maumivu. Alijibu kwa kuimba "L'enfer", wimbo unaohusu mawazo ya kujiua. Wako waliomlaumu kwa kuchanganya habari na biashara. Lawama hiyo haikosi msingi, lakini inasahau jambo moja: alipoulizwa kwa lugha ya mahojiano, msanii huyu alirudi kwenye lugha ya wimbo, kama kwamba jibu la kweli lilipatikana huko tu. Mwaka 2023 alifuta maonyesho yaliyobaki ya ziara yake kwa sababu ya afya. Hilo nalo ni neno la kupima. Aliyeweza kusimamisha ziara ndiye aliyeweza kusema kwamba anaumwa.

6. Kazi ya mhakiki

Kuna hoja inayostahili jibu. Husemwa kwamba wimbo wenyewe ni dawa, na kwamba jamii zenye ngoma hazihitaji mshauri wa dola. Hoja hiyo huchanganya watu wawili. Wimbo humtuliza anayecheza. Haifuati kwamba humtuliza anayeupiga kila usiku hadi alfajiri ili apate nauli. Marijani Rajabu, aliyeitwa Jabali la Muziki, alifariki mwaka 1995 katika umaskini, nyimbo zake zikiendelea kupendwa. Nazo zilikuwa wazi kuhusu kila kitu isipokuwa hilo.

Desturi ya mabanga, yaani kutaja majina ya watu katika wimbo kwa malipo, imezidisha tatizo. Nafasi ya maneno ndani ya wimbo imekuwa kiwanja cha kuuzwa. Mahali ambapo mimi ya kuazima ilikuwa ikilia, sasa hutajwa jina la mfanyabiashara. Wimbo uliokuwa na uwezo wa kubeba huzuni ya mtu asiyetajwa unapoteza uwezo huo, bila kupata uwazi wa aina nyingine badala yake.

Wahakiki wa Kiswahili wamekusanya maneno ya nyimbo, wameyaeleza mafumbo yake, na wametunza majina ya waimbaji wakuu. Mpiga gitaa la pili, mpiga ngoma na mwitikiaji hawajaulizwa vya kutosha. Wengi wao ni wazee sasa, nao ni wasemaji wa Kiswahili cha Katanga, cha Maniema, cha Nairobi na cha Dar es Salaam. Kuwahoji si udaku. Ni kukamilisha matini ambayo hadi leo husomwa nusu.

Na swali la kwanza la kuwauliza lisiwe "ulikuwa unajisikiaje?", bali "vyombo vilikuwa vya nani, na ulilipwaje ulipougua?" Nafsi ya kwanza ina umoja na wingi. Bendi hujitangaza kwa wingi, "sisi", na mkubwa huitamka kwa niaba ya wote. Mkataba unaoheshimiwa na haki ya mtunzi inayolipwa ndiyo masharti ya kumrudishia kila mpigaji umoja wake, hata aweze kusema "naumwa" bila kufunga virago.