Sauti Mbili, Koo Moja

Anayetaka kuupima ufundi wa Lupita Nyong'o asiishie kwenye Oscar ya mwaka 2014. Tuzo ile, aliyoipata kwa kuigiza Patsey katika 12 Years a Slave, ilimjengea jina. Ufundi wenyewe unaonekana wazi zaidi katika Us, filamu ya kutisha ya Jordan Peele iliyotoka mwaka 2019. Humo Mkenya huyu mzaliwa wa Mexico anaigiza wanawake wawili: Adelaide, mama aliyekwenda likizo na familia yake, na Red, kivuli chake kinachopanda kutoka chini ya ardhi kuja kumwangamiza. Ambaye hajaitazama ajue kwamba siri yake naitaja hapa.

Vivuli wa watu wengine hawasemi. Wananguruma tu na kupiga mayowe. Red peke yake ana maneno, nayo yanatoka kwa taabu, yamekatikakatika, pumzi ikivutwa ndani pale tunapotegemea itoke. Lupita alieleza kwamba chanzo cha sauti hiyo kilikuwa maradhi yanayofanya misuli ya koromeo ijibane yenyewe mtu anapozungumza. Watetezi wa wagonjwa wa maradhi hayo walilalamika kwamba hali yao imegeuzwa kitisho, naye akaomba radhi. Naona walikuwa na haki. Hata hivyo, sauti ile haikubandikwa kwa mapambo. Red ndiye Adelaide wa kweli, aliyekabwa koo utotoni na kivuli chake, akaburutwa chini na kuachwa huko. Anajua kusema kwa kuwa alizaliwa juu. Anasema kwa namna ile kwa kuwa alikabwa.

Kisha mtazame huyu mwingine tunayemjua kama Adelaide, kivuli aliyeiba maisha ya mwenzake. Ndani ya gari anamfundisha mwanawe kufuata muziki kwa kualisha vidole, na yeye mwenyewe anakosa mapigo. Ni jambo dogo, linapita upesi. Lakini kadiri damu inavyomwagika maneno yake yanapungua, na anapoua anatoa mguno uleule wa vivuli. Koo la Red linapigania kusema, la Adelaide linarudi lilikotoka. Lupita alipaswa kuishika kichwani mielekeo hiyo miwili, huku akirekodiwa kama mmoja, kisha kama mwingine, na mwigizaji mbadala akisimama mahali pa yule asiyekuwepo. Kwa mwili wa Red, amesimulia, Peele alimpa maneno mawili: malkia na mende. Ndiyo maana mgongo umenyooka kabisa, kisha ghafla miguu inakimbia.

Huku Kyimo, wilayani Rungwe, filamu nyingi za nje tunazipata zikiwa zimetafsiriwa, DJ akisimulia juu ya mazungumzo. Naiheshimu kazi hiyo. DJ Lufufu, mmoja wa wasimulizi hao, aliifikisha kwenye kiwango cha sanaa, na imewapa wengi raha ya kuifuata hadithi ya lugha wasiyoijua. Kwa Us, lakini, inafunika kitu kilekile kilichotengenezwa kwa jasho: Red na Adelaide wote wanasikika kwa koo la mwanamume mmoja. Mvua ya Rungwe ikianza kupiga bati la kibanda umiza tunakotazamia filamu, hata mabaki ya sauti ya Lupita yanazama.

DJ anaweza kuliokoa tukio moja bila kumpoteza mtazamaji. Red anapoketi sebuleni kuisimulia familia ile maisha yake, aeleze mapema kinachokuja kusemwa, kwa sentensi chache, halafu anyamaze mpaka Red amalize.