Taa Inawaka, Sindano Haishuki

Cherehani ya nyumbani inapozimika katikati ya mshono, mwenyewe karibu kila mara hufanya jambo lile lile: anakanyaga pedali kwa nguvu zaidi. Ni kosa linaloeleweka, lakini huunguza mota. Kisa ninachokichambua hapa kilitokea Brooklyn Park, kaskazini mwa Minneapolis, mji ambao Wakenya na Waliberia wa Minnesota wanaujua vizuri. Cherehani yenyewe ni ya kawaida kabisa: ya chuma na gia, haina kompyuta, mota ndogo imefungwa upande wa kulia na inavuta mkanda wa mpira. Mwenyewe alikuwa anaunga kiuno cha sketi ya kitenge, pale tabaka 4 za kitambaa zinapokutana na gamu ya kukazia. Sindano ikashuka nusu, ikakwama. Taa ikabaki inawaka, na mota ikawa inaguna.

Mguno ule ulikuwa umeshajibu nusu ya maswali. Mota inayoguna inapata umeme, kwa hiyo hakuna haja ya kuanza na fyuzi, waya wala pedali. Tatizo ni kwamba inapata umeme na haiwezi kuzunguka. Mota za cherehani za nyumbani za aina hii zina brashi za karboni, na zikiwa kwenye mwendo hujizalishia volti inayopingana na ile inayotoka ukutani. Upinzani huo ndio unaouzuia mkondo usizidi. Mota ikishikwa isizunguke, upinzani hutoweka, mkondo hupanda, nyaya za ndani huchemka, na muda si mrefu varnishi inayozitenga huanza kunuka. Ndiyo maana fundi aliyeitwa, mtu aliyejifunza kazi soko la Gikomba, Nairobi, na ambaye Minnesota anaendesha lori, alipoingia tu alisema, "Dada, toa mguu hapo kwanza." Kisha akachomoa waya ukutani. Bisibisi ilikuwa bado mfukoni.

Kabla yake jirani alikuwa ameshajaribu. Alifungua bamba la sindano, akakuta kipande cha uzi kimejisokota kwenye njia ya kulabu, akakitoa, mashine ikashona kidogo, ikakwama tena. Jirani hakukosea kuutoa uzi ule. Alikosea kuamini kwamba chochote utakachokikuta humo ndani ndicho chanzo. Mashine ikikwama, mshonaji huvuta kitambaa, uzi hulegea na kuingia pasipo pake. Uzi ule unaweza kabisa kuwa ulifika baada ya ajali.

Fundi alishika gurudumu la mkono, akalizungusha taratibu kuelekea kwake, waya ukiwa nje ya soketi. Hapo ndipo penye kazi yenyewe, na ndipo wengi wanapopapita. Kwenye cherehani ya gia tupu, gurudumu lile ni kipimo bora kuliko mita yoyote ya umeme, mradi mkono uulizwe maswali yanayostahili. Je, linagoma mahali pamoja tu kila mzunguko? Basi kuna kitu kinagongana: uzi kwenye kulabu, sindano iliyopinda na kugusa bamba, au jino la gia lililovunjika. Je, ni zito mzunguko mzima, bila mahali palipo pazito kuzidi pengine? Basi mafuta yameganda kwenye bushi. Je, linazunguka kwa wepesi, sindano inapanda na kushuka, ila mota peke yake ndiyo haina nguvu? Basi tazama mkanda, brashi, au volti. Na kama gurudumu linazunguka lakini sindano imetulia tu, angalia kwanza kama kijiti cha kujazia bobini hakikuachwa kimesukumwa upande wake. Katika mashine nyingi kijiti hicho huitenga sindano na mota kwa makusudi, na watu wameshabeba mashine nzima hadi dukani kwa sababu yake.

Hapa jibu lilikuwa la pili. Gurudumu lilikuwa zito kutoka mwanzo wa mzunguko hadi mwisho. Lakini uzito huo ulikuwa wa nani, wa mota au wa kichwa? Fundi akautoa mkanda. Mota ikazunguka kwa kidole kimoja, bila kukwaruza. Kichwa kikabaki kizito vile vile. Kwa hatua hiyo ndogo nusu ya mashine ikaondolewa kwenye orodha ya washukiwa. Akatoa sindano, akatoa bobini na nyumba yake, akazungusha tena: hakuna nafuu. Basi si kulabu. Limebaki ekseli la juu, bushi zake, na nondo ya sindano.

Hapo akauliza swali ambalo lingefaa kuulizwa mapema zaidi: mashine imekaa wapi, na imetiwa nini? Ilikaa gereji majira ya baridi yote. Ilipoanza kuwa nzito ilitiwa mafuta ya kupikia, kidogo tu, kwa kuwa duka lilikuwa mbali na theluji ilikuwa nyingi.

Majibu hayo mawili yanatofautiana uzito. Gereji isiyo na hita Minnesota si mchezo. Usiku wa Januari baridi hushuka wakati mwingine chini ya nyuzi 20 za Selsiasi chini ya sifuri, na grisi ya zamani huwa ngumu kama nta. Lakini grisi iliyokazwa na baridi hulegea mashine ikikaa ndani ya nyumba siku nzima. Mafuta ya mboga hayasamehi namna hiyo. Hushika oksijeni ya hewani, polepole hugeuka utando wa kunata, halafu mgumu. Kwa tabia hiyo hiyo mafuta ya kitani yametumika kwenye rangi za wachoraji kwa karne nyingi, kwa sababu hukauka. Mafuta ya cherehani ni ya madini, meupe, mepesi, na hayakauki hivyo. Anayetia mafuta ya kupikia kwenye bushi anapata wepesi wa muda mfupi, na baadaye gundi.

Kushuku ni kazi rahisi. Fundi alitaka uthibitisho kabla ya kumwaga dawa yoyote, akaomba kikausha nywele. Alifungua kifuniko cha juu na bamba la pembeni, akaelekeza hewa ya moto kwenye bushi za chuma, si kwenye plastiki, huku akizungusha gurudumu kidogo kidogo. Baada ya dakika chache gurudumu likalegea waziwazi. Alipoiacha ipoe, uzito ukarudi. Kama chanzo kingekuwa gia iliyovunjika au ekseli lililopinda, joto lisingebadilisha kitu. Kati ya yote niliyoona pale, jaribio hili ndilo ninalolisifu zaidi: haligharimu chochote, haliharibu chochote, na jibu lake halina utata.

Tiba iliyofuata inajulikana kwa kila fundi wa Afrika Mashariki: mafuta ya taa. Matone machache kwa brashi kwenye kila bushi na kwenye nondo ya sindano, gurudumu lizungushwe kwa mkono, utando wa kahawia utoke, ufutwe kwa kitambaa, irudiwe hadi kinachotoka kiwe safi. Gia za plastiki hazikuguswa, na mota haikusogelewa. Mashine ikaachwa wazi, dirisha likafunguliwa, na hakuna aliyeruhusiwa kuchomeka waya hadi harufu imalizike, kwa sababu brashi za karboni hutoa cheche na mvuke wa mafuta ya taa hushika moto. Baadaye yakaja mafuta meupe ya cherehani, tone moja kila mahali chuma kinaposugua chuma, na grisi kidogo kwenye gia.

Gurudumu likawa jepesi, lakini mashine ilikuwa inaruka mishono. Sindano ya zamani ilikuwa imepinda kidogo wakati wa kukwama, kiasi kisichoonekana mpaka uilaze juu ya kioo. Mshono wa kufunga unategemea nafasi finyu mno: sindano ifike chini, ipande takriban milimita 2, uzi utengeneze kitanzi, na ncha ya kulabu ipite ndani yake juu kidogo ya tundu. Sindano iliyopinda huweka kitanzi mbali na ncha. Akaweka mpya ya mfumo wa 130/705 H, namba 90/14 inayofaa kitenge chenye gamu, na mishono ikakaa. Kama isingekaa, ndipo angefikiria kurekebisha wakati wa kulabu, kazi ambayo sishauri mtu aifanye kwa kubahatisha.

Nimeulizwa kwa nini mwenye mashine hakuipeleka dukani. Hesabu ndiyo inayokataa: mara nyingi gharama ya kuisafisha cherehani ya bei nafuu hukaribia bei ya mpya. Ziko njia nyingine. Karmel Mall, kusini mwa Minneapolis, kuna mafundi cherehani wa Kisomali, ingawa mashine za kiwandani wanazozitumia zina mota na utaratibu wa mafuta tofauti kabisa na hii. Na Kaunti ya Hennepin, ambamo Brooklyn Park imo, imekuwa ikiendesha kliniki za matengenezo za bure tangu 2012, ambapo watu wa kujitolea hukuongoza kukifungua kifaa chako mwenyewe. Kaunti ya Ramsey, upande wa Saint Paul, inazo pia. Wazo hilo lina ndugu zake: mwaka 2009 Martine Postma alifungua mkahawa wa kwanza wa matengenezo Amsterdam. Minnesota imekwenda mbali zaidi kwa sheria ya haki ya kutengeneza, iliyotiwa saini 2023 na kuanza kazi Julai 1, 2024, inayowataka watengenezaji wa vifaa vya kielektroniki watoe vipuri, zana na maelekezo kwa masharti ya haki. Kwa cherehani ya gia tupu sheria hiyo haina la kusema, na haihitajiki: kila kinachoweza kukwama ndani yake kinaonekana kwa macho.

Kuna hali moja inayofanana sana na hii kwa dalili, na Waafrika Mashariki ndio wanaokutana nayo. Cherehani iliyoletwa kutoka Nairobi au Dar es Salaam imetengenezwa kwa volti 220 hadi 240. Ukiichomeka Minneapolis, penye volti 120, inaguna, inazunguka kivivu, inakwama kwenye pindo nene. Mtu ataifungua yote akitafuta mafuta yaliyoganda. Gurudumu la mkono litamwambia ukweli kwa sekunde moja: ni jepesi.

Safari ya kurudi ndiyo yenye hatari. Mwenye sketi, baada ya kushona mshono wake wa majaribio, alisema anataka kumtumia mama yake Kisumu cherehani ya Marekani ndani ya pipa. Fundi akamwonyesha vibandiko viwili, kimoja nyuma ya kichwa na kingine chini ya pedali, vyote vimeandikwa 120 V, 60 Hz. Tofauti ya hezi haina shida kubwa kwa mota ya brashi. Volti ndiyo balaa: taa iliyotengenezwa kwa 120 ikipewa 240 huvuta nguvu hadi mara 4 kwa muda mfupi kabla ya kupasuka, na mota hufuata. Ama mota, pedali na taa vibadilishwe vyote vitatu, ama inunuliwe transfoma ya kushusha volti yenye wati zaidi ya zile zilizoandikwa kwenye kibandiko, na iende ndani ya pipa hilo hilo, imefungwa pamoja na waya wa mashine ili asiwepo wa kuzitenganisha.