Mgeni, Mwenyeji na Ukurasa wa Shukrani

Utangulizi

Methali mbili za Kiswahili zinauzungumzia ugeni kwa namna ambayo, ikitazamwa kijuujuu, inakinzana. Ya kwanza husema, mgeni njoo, mwenyeji apone. Ya pili hutuasa kwamba mgeni ni siku mbili, ya tatu apewe jembe. Makala haya yanazitumia methali hizo kama mizani ya kupimia jinsi idara za Kiswahili zinavyowapokea wataalamu wageni. Tunadai kuwa ukurasa wa shukrani, ambao msomaji aghalabu huuruka ili aifikie sura ya kwanza, ni matini kama matini nyingine. Ukisomwa kwa makini, hutufunulia ni nani aliyepona na ni nani aliyelima.

Barua ya Idara

Kwa mtafiti atokaye nje, kazi ya Nairobi huanzia idarani. Leseni ya utafiti hutolewa na NACOSTI, yaani Tume ya Taifa ya Sayansi, Teknolojia na Uvumbuzi, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2013 na yenye makao yake Upper Kabete, kando ya barabara ya Waiyaki. Mgeni hatarajiwi kuiomba leseni hiyo pasipo taasisi ya humu nchini kukubali kumpokea. Basi idara iliyo katikati ya jiji huandika barua, mgeni akashika njia ya magharibi hadi Kabete, na akishapata leseni huenda zake Lamu kutafuta miswada au Kangemi na Kawangware kurekodi Sheng.

Kwa barua hiyo idara imempa mgeni jina lake. Baadaye humpa watu. Hawa ni wanafunzi wa uzamili wanaoujua mtaa, wanaokesha wakinukuu maneno ya kanda, na wanaomweleza mgeni kwa nini wasikilizaji walicheka pale ambapo yeye hakuona kichekesho. Ni muhimu kuisisitiza hoja hii. Mwanafunzi anayeamua kwamba neno fulani limetumiwa kwa kejeli wala si kwa sifa hakufanya kazi ya ukarani, amehakiki. Kazi hiyo ikiitwa "msaada", mwanafunzi huyo atahitimu akiwa ametajwa katika shukrani za vitabu vya watu, ilhali hana hata makala moja yenye jina lake. Na cheo cha uhadhiri hakipatikani kwa kushukuriwa.

Mifano ya Historia

Desturi hii haikuanza jana. Mwishoni mwa karne ya 19, mmishenari W. E. Taylor alikusanya tungo za Muyaka bin Haji mjini Mombasa, na aliyemwongoza katika kazi hiyo ni Mwalimu Sikujua, mwanachuoni wa mji huo huo. Karatasi za Taylor ziliishia London, na mwaka 1940 William Hichens akazichapisha tungo hizo huko Johannesburg. Ilikuwa mwaka 1979 ndipo Mohamed H. Abdulaziz, mwanaisimu wa Chuo Kikuu cha Nairobi, alipotoa jijini humu kitabu chake juu ya Muyaka. Mshairi wa Mombasa alizunguka dunia kabla ya kumfikia mwanafunzi wa Nairobi.

Yamkini msomaji atasema kwamba pasipo Taylor tungo nyingi zingalipotea. Hoja hiyo ina uzito, nasi hatuikatai. Mwenyeji alipona kwa sehemu. Hata hivyo, kuhifadhiwa kwa tungo si sababu ya kumsahau aliyezijua, akazisoma na kuzifafanua. Sikujua naye alikuwa mhakiki.

Mfano wa Mtoro bin Mwinyi Bakari unaitatanisha zaidi methali yetu, kwa kuwa hapo mgeni alikuwa Mswahili. Mtoro, mtu wa Bagamoyo, alikwenda Berlin mwaka 1900 kufundisha Kiswahili. Mwaka 1903 kitabu cha desturi za Waswahili, ambacho yeye ndiye mwandishi wake mkuu, kilitoka kikiwa na jina la Carl Velten kama mkusanyaji. Jina la Mtoro lilipanda jaladani katika tafsiri ya Kiingereza ya mwaka 1981, yaani baada ya miaka 78. Bagamoyo Mtoro angalikuwa mwenyeji. Berlin alikuwa mgeni. Na kokote kule jina lililotangulia lilikuwa la mwenzake. Kwa hiyo suala si nani amesafiri. Suala ni nani mwenye uwezo wa kuchapisha.

Wageni Walioshika Jembe

Haifai, hata hivyo, kuhitimisha kwamba mgeni ni hasara. Oktoba 1968, Ngũgĩ wa Thiong'o, Henry Owuor-Anyumba na Taban lo Liyong walitoa waraka wa kutaka Idara ya Kiingereza ya Nairobi ivunjwe ili fasihi ya Afrika ikae katikati ya masomo. Taban alikuwa ametokea Uganda. Okot p'Bitek, Mwacholi wa Uganda, alifanya kazi katika chuo hicho miaka ya 1970. Kabla yao, Ezekiel Mphahlele wa Afrika Kusini alikuwa ameongoza kituo cha utamaduni cha Chemchemi jijini humu. Kwa pasipoti, wote watatu walikuwa wageni. Lakini walifundisha hapa, walibishana na wenyeji hapa, na waliyoyaandika yalisomwa na kupingwa papa hapa. Hao ndio wageni waliomponya mwenyeji, na walimponya kwa sababu walikubali jembe. Methali zetu mbili, kumbe, hazikinzani. Ya pili ndiyo sharti la ya kwanza.

Hitimisho

Lawama yote asitupiwe mgeni. Mwenyeji asiyetoa jembe hana haki ya kulalamika kwamba shamba halikulimwa. Tunapendekeza kwamba barua ya idara iandamane na masharti matatu. Kwanza, mgeni atoe mhadhara kwa Kiswahili mbele ya wanafunzi, akubali kuhojiwa. Pili, nakala za kanda, picha za miswada na manukuu zibaki katika maktaba ya chuo kabla hajaondoka. Tatu, mwanafunzi aliyefasiri na kufafanua matini atajwe kama mwandishi mwenza, na makubaliano hayo yaandikwe mwanzoni, si baada ya kitabu kwenda mtamboni.

Masharti haya hayahitaji fedha. Yanahitaji mkuu wa idara aliye tayari kumwambia mgeni mashuhuri kwamba barua haitatiwa sahihi hadi jina la mwanafunzi liandikwe.