"Njia za Panya": Sitiari Inapoingia Ofisini

Mkoa wa Kigoma unapakana na Burundi kwa nchi kavu, na umetenganishwa na Kongo kwa Ziwa Tanganyika. Vijia na mialo inayotumika kuvukia mpaka pasipo kupitia kituo kama cha Manyovu imezoeleka kuitwa "njia za panya". Msemo huo umeenea hata katika taarifa za kiserikali. Katika makala haya tunakusudia kuupima kwa mizani ya istilahi.

Kama sitiari, msemo umeundwa vizuri. Panya hupita kandokando ya ukuta, hukwepa macho ya watu na kurudia ujia uleule. Wala hatuna ugomvi na majina ya wanyama kupewa maana mpya. Wahispania huita gato paka, na pia jeki ya kunyanyulia gari. Sisi tunayo mbuzi ya kukunia nazi na kipanya cha kompyuta. Hapo sarufi hutukinga na utata: mbuzi huyu amekufa, lakini mbuzi hii imevunjika. Upatanisho humwarifu msomaji papo hapo kama anayetajwa ni mnyama au ni kifaa.

"Njia za panya" hazina kinga hiyo. Upatanisho hufuata njia, na swali hubaki: panya ni nani? Bila shaka ni yeyote aliyepita. Hivyo mchukuzi wa magendo, Mha aendaye matangani kwa nduguze wa ng'ambo, na mkimbizi anayeokoa roho yake, wote hutiwa katika gunia moja. Mwezi Mei 2015 maelfu ya Warundi walikusanyika katika kijiji cha Kagunga, wakapelekwa Kigoma kwa meli ya Liemba. Wengi walikuwa wamevuka milima kwa miguu. Mkataba wa Geneva wa 1951 unahusu Wakimbizi, na kifungu chake cha 31 kinakataza kumwadhibu mkimbizi kwa kuingia bila idhini, iwapo ametoka moja kwa moja penye hatari, akajitokeza bila kukawia na kutoa sababu ya haki. Neno linalomtia hatiani kabla hajahojiwa halifai katika fomu ya kumhoji.

Mfasiri naye hutatizika. Akifasiri neno kwa neno, msomaji wake atadhani habari ni za ghalani. Akiandika "njia za magendo", atakuwa ametoa hukumu isiyokuwamo.

Tunapendekeza, basi, maandishi ya ofisi yaseme "njia isiyo rasmi", na neno "magendo" litumike pale tu shehena yenyewe inapothibitika. Walimu wasiufute msemo huu katika insha. Wawaulize wanafunzi panya anayetajwa ni nani, na nani amemwita hivyo. Mazungumzo ya sokoni na magazeti yataendelea kuutumia, wala hatuna sababu ya kuyazuia.