Ufito Ndani ya Mrundo

Ndizi za Rungwe zikishashushwa katika Soko la Mabibo, Dar es Salaam, ambalo wengi hulijua kama Mahakama ya Ndizi, hubaki majani makavu ya mgomba yaliyozikinga zisichubuke njiani. Mpita njia huona uchafu. Mtengeneza mboji huona nusu ya kazi yake.

Taka za sokoni zina maji mengi: kabichi, nyanya zilizopasuka, mapapai. Ukizirundika peke yake hushikamana, hewa hukosa njia, na siku ya tatu mtaa mzima unajua. Dawa yake ni kitu kikavu, na soko limekwisha kukileta lenyewe: majani yale, au yakikosekana, maranda. Wataalamu hutaja kaboni sehemu 25 hadi 30 kwa sehemu 1 ya naitrojeni. Fundi huchota konzi na kuikamua. Maji yakichuruzika, anaongeza kavu. Ikimomonyoka, ananyunyiza maji.

Kabla ya hapo kuna kuchambua, na hapa ndipo ninapomheshimu zaidi. Mifuko, kamba, vizibo, vipande vya chupa: kimoja kimoja, kwa mkono, kwa sababu kisichotolewa leo kitaishia shambani kwa mtu. Natamani kila muuzaji angekuwa na ndoo mbili mezani pake; kazi hii ingepungua nusu.

Mrundo husimamishwa juu ya vijiti ili upumue kutoka chini, na ufito mrefu huchomekwa katikati. Asubuhi fundi huuchomoa na kuushika. Ndani panatakiwa nyuzi 55 hadi 65 za Selsiasi, joto la kuua mbegu za magugu na vimelea vya magonjwa. Likipita 70, hata viumbe vinavyoozesha huanza kufa. Kiganja kilichozoea hujua tofauti.

Kisha kugeuza. Kilichokuwa pembeni, penye baridi, huingia katikati. Cha katikati hutoka nje. Sepetu haina haraka. Mvuke unapanda, naye anasimama kunusa: ukali kama wa mkojo humwambia kavu ni chache, uvundo humwambia hewa hakuna.

Miezi mitatu hivi ikipita, mrundo umepungua sana, mweusi, unanukia ardhi iliyonyeshewa. Hata hapo hauzi. Anajaza mboji kidogo kwenye kopo, anapanda mbegu za mchicha, anangoja. Miche ikichomoza na unjano, mrundo unafunikwa tena.